Kutoka Futi hadi Mita: Ubadilishaji wa Vipimo vya Urefu katika Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa mapema kwamba nahau haitafsiriwi neno kwa neno na kwamba majina ya watu huachwa yalivyo. Ni nadra kufundishwa la kufanya anapokumbana na inchi, futi, yadi au maili katika matini chasili. Jambo hili aghalabu huachiwa wanahisabati, naye mfasiri akabaki kufanya moja kati ya mawili: ama hukiacha kipimo kilivyo, ama hutwaa kikokotoo, akazidisha, kisha akaandika tarakimu zote zilizojitokeza kwenye kioo. Makala haya yanadai kwamba njia zote mbili huweza kuipotosha matini. Kabla ya kuzidisha chochote, mfasiri hana budi kuamua kipimo kinafanya kazi gani katika sentensi: je, ni kipimo halisi, ni makadirio, au ni kipimo ambacho kimekwisha kugeuka jina?

Suala hili limepata uzito zaidi nchini Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria, taarifa za mahakama na mikataba ya mauziano ya ardhi ni matini zinazohitaji kutafsiriwa, na wengi wa wasomaji wake hawatakuwa na nakala ya Kiingereza ya kulinganishia. Kwa msomaji wa aina hiyo, tarakimu aliyoiandika mfasiri ndiyo mkataba wenyewe.

Kabla ya Futi

Kiswahili hakikungoja wageni kutoka Ulaya ndipo kiwe na istilahi za urefu. Kipimo kidogo kilikuwa wanda, yaani upana wa kidole. Shubiri, ambayo wengine huiita shibiri, ni umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mtu akiukunjua mkono. Dhiraa, au mkono, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Wari ni dhiraa mbili. Pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, na neno lenyewe limetokana na kitenzi kupima, tofauti na shubiri na dhiraa ambayo ni maneno yenye asili ya Kiarabu.

Anayeyatazama mahusiano ya vipimo hivi ataona mpango mwepesi mno. Shubiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Kila kipimo ni maradufu ya kilichotangulia. Muuza nguo aliweza kufanya hesabu yake kichwani bila kalamu, na baharia aliyetaka kujua kina cha maji aliinyosha kamba kwa mikono yake mwenyewe, akahesabu pima. Mfumo wa Kiingereza, wenye inchi 12 katika futi, futi 3 katika yadi na yadi 1,760 katika maili, hauna wepesi huo.

Waliotunga kamusi na vitabu vya sarufi kwa ajili ya Waingereza walivilinganisha vipimo hivi na vya kwao: shubiri ikawa inchi 9, dhiraa inchi 18, wari yadi moja na pima futi 6. Ulinganisho huo ni wa kufaa, lakini ni ulinganisho tu. Mwili wa mtu si rula, na dhiraa ya mtu mrefu haiwi sawa na ya mfupi. Mfasiri anayekuta dhiraa katika hadithi ya kale akaandika sentimita 45.72 atakuwa amekipa kipimo hicho usahihi ambacho hakikuwahi kuwa nao. Karibu nusu mita ingetosha.

Pamoja na utawala wa Waingereza yalienea maneno inchi, futi, yadi na maili, na baadaye milimita, sentimita, mita na kilomita. Yote yaliingia katika ngeli ya I-/ZI-, ndiyo maana husemwa futi mbili na mita mbili bila umbo la nomino kubadilika. Baadhi yake yamepanua maana kwa namna inayomtaka mfasiri awe macho. Mita si kipimo tu. Ni pia kile kifaa cha kuhesabia maji au stima nyumbani. Futi nayo imekuwa jina la chombo cha kupimia, likazaa futikamba. Fundi wa nguo huweza kuwa na futikamba yenye alama za sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na jina halibadiliki hata anapousoma upande wa sentimita. Lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo sheria za vipimo zimekwisha kuzifuta.

Tarakimu Moja ya Kukumbukwa

Mwanafunzi wa lugha huogopa majedwali ya ubadilishaji, na hofu hiyo haina msingi. Tarakimu ya kukumbukwa ni moja tu. Kuanzia tarehe 1 Julai 1959, kwa makubaliano ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini, inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Kabla ya hapo inchi ya Marekani na ya Uingereza zilitofautiana kwa kiasi kidogo sana, tofauti ambayo fundi asingeiona ila mhandisi wa mitambo midogo aliisikia. Neno kamili hapa lina maana yake: 25.4 si makadirio, ni fasili. Inchi ya leo imefungwa kwenye mita, nayo mita, tangu mwaka 1983, hufasiliwa kwa umbali unaosafiriwa na mwanga katika ombwe kwa muda wa sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 299,792,458.

Mengine yote huzaliwa kutokana na hiyo 25.4. Futi ni inchi 12, basi ni milimita 304.8, yaani mita 0.3048. Yadi ni futi 3, basi ni mita 0.9144. Maili ni yadi 1,760, basi ni mita 1,609.344. Kwa hesabu ya kichwani, maili 5 ni karibu kilomita 8, na kosa lake halifiki hata mita 50.

Chukua mfano wa kimo cha mtu: futi 5 na inchi 7. Kwanza kila kitu kigeuzwe inchi: 5 mara 12 ni 60, kuongeza 7 ni 67. Kisha 67 izidishwe kwa 2.54, na jibu ni sentimita 170.18, ambazo katika maandishi ya kawaida ni sentimita 170. Anayerudi upande wa pili hugawa. Sentimita 170 zikigawanywa kwa 2.54 hutoa inchi 66.93, humo mna futi 5, na zinabaki inchi 6.93, yaani 7.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni la kuandika futi 5.7 badala ya futi 5 na inchi 7. Nukta ya desimali hugawa kwa kumi, ilhali futi hugawanywa kwa kumi na mbili. Futi 5.7 ni futi 5 na inchi 8.4, na hizo ni sentimita 173.7. Mtu aliyefasiriwa hivyo amerefushwa kwa zaidi ya sentimita tatu bila kula chochote. Katika riwaya kosa hilo halina madhara makubwa. Katika maelezo ya polisi kuhusu mtu anayetafutwa, lina madhara. Kiswahili kinampa mwandishi njia ya kulikwepa, kwani husemwa futi tano na inchi saba, kwa kiunganishi na, na kila kipimo kikitajwa kwa jina lake.

Mfano mwingine mzuri uko kwenye reli. Waingereza waliojenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa kati ya miaka 1896 na 1901 walipima mambo yao kwa futi na maili, lakini upana kati ya pau mbili za reli hiyo ni mita moja kamili, kipimo kilichokuwa kikitumika tayari katika reli nyingi za Bara Hindi. Mita 1 ni inchi 39.37, yaani futi 3 na inchi 3.37, tarakimu isiyopendeza kwa Kiingereza. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kazi mwaka 2017, katika nchi inayotumia metriki, ina upana wa milimita 1,435. Tarakimu hii nayo inaonekana ya ajabu hadi igawanywe kwa 25.4, ndipo hujitokeza inchi 56.5, ambazo ni futi 4 na inchi 8 na nusu, kipimo cha reli za Uingereza tangu karne ya 19. Hivyo reli ya wakoloni ilikuwa ya metriki, na reli ya Kenya huru ni ya Kiingereza iliyovikwa nguo za metriki. Tarakimu isiyo ya mviringo huwa dalili kwamba kipimo kimewahi kubadilishwa mahali fulani, na mfasiri makini huitumia dalili hiyo kukagua matini yake.

Usahihi wa Bandia

Tuseme matini ya Kiingereza inasimulia kwamba simba alisimama kiasi cha futi 20 kutoka kwa mwindaji. Kikokotoo kitasema mita 6.096. Mfasiri akiandika hivyo, msomaji atajiuliza nani aliyemwendea simba huyo na utepe wa kupimia. Mwandishi asilia alikadiria kwa jicho. Tafsiri yake ni mita sita hivi, au hatua kadhaa, kutegemea mtindo wa hadithi. Kiswahili kina hazina ya maneno ya kukadiria: takriban, karibu, kiasi cha, yapata, hivi, kama. Mfasiri anayeyasahau huku akishikilia tarakimu tatu baada ya nukta ametafsiri hesabu, hakutafsiri kauli.

Sifuri za mwishoni ndizo hutoa siri. Ndege za abiria hupangiwa urefu wa kuruka kwa futi hata katika nchi nyingi zinazotumia metriki kwa mambo mengine, hivyo habari za ajali za ndege hujaa futi. Ikiandikwa kwa jumla kwamba ndege ilikuwa juu futi 30,000, sifuri nne zinaonyesha tarakimu ya mkupuo, na mita 9,000 zinamtosha msomaji wa gazeti. Lakini ripoti ya uchunguzi wa ajali hiyohiyo ni matini nyingine. Humo futi 30,000 ni agizo alilopewa rubani. Hapana budi zibaki, na mita 9,144 zifuate katika mabano kama msomaji anazihitaji.

Kinyume chake ni Mlima Kenya. Vitabu vya zamani huupa futi 17,057, tarakimu isiyo na sifuri ya mwisho, iliyotokana na upimaji. Zikizidishwa kwa 0.3048 hutoa mita 5,198.97, na ndiyo sababu vitabu vya sasa husema mita 5,199. Hapa kuandika mita 5,200 hivi kungekuwa uzembe. Kanuni inayojitokeza ni kwamba tafsiri isiwe na usahihi zaidi ya matini chasili wala pungufu yake.

Maili Ipi?

Tatizo kubwa zaidi hutokea pale ambapo neno moja la Kiswahili limebeba vipimo viwili. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609.344. Maili ya baharini ni mita 1,852. Kiingereza huzitofautisha kwa kivumishi, na kivumishi hicho ndicho hupotea kwanza katika tafsiri.

Kila mwanafunzi wa historia ya Pwani amesoma kuhusu ukanda wa maili kumi uliotambuliwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, kina cha ukanda huo kuelekea bara kilitajwa kwa maili za baharini. Maili 10 za baharini ni kilomita 18.52. Mfasiri asiyeuliza ni maili ipi ataandika kilomita 16, na kwa kufanya hivyo atakuwa amemega karibu kilomita mbili na nusu za nchi, zikiwamo mashamba, misitu na vijiji vya watu, katika urefu wote wa mwambao. Ukanda huo ulikuwa kiini cha mazungumzo ya kisiasa hadi mwaka 1963, ulipokubaliwa kuwa sehemu ya Kenya. Inashangaza kwamba makala kadhaa za Kiswahili huutaja kwa maili tu, kana kwamba neno hilo lina maana moja.

Jambo hilo halijapitwa na wakati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi bahari ya himaya isiyozidi maili 12 za baharini na eneo maalumu la kiuchumi lisilozidi maili 200 za baharini kutoka mstari wa msingi wa pwani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa uamuzi wake tarehe 12 Oktoba 2021 kuhusu mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya, maili hizo ndizo zilizojadiliwa. Maili 200 za baharini ni kilomita 370.4. Zikihesabiwa kama za nchi kavu huwa kilomita 321.9, na zaidi ya kilomita 48 za bahari, pamoja na samaki wake na chochote kilicho chini ya sakafu yake, hutoweka kwa kosa la kivumishi kimoja. Istilahi maili ya baharini haina budi kutumika kila mara, hata inapoonekana kuirefusha sentensi.

Hamsini kwa Mia

Huko kote ni mbali na msomaji wa kawaida. Hapa ni karibu. Ardhi ya kujengea nchini Kenya huuzwa kwa futi: hamsini kwa mia, arubaini kwa themanini. Hatimiliki ya ardhi hiyohiyo huandikwa kwa hekta. Kati ya tangazo la dalali na hatimiliki pana ubadilishaji wa kipimo, na mara nyingi anayeufanya ni mfasiri wa mkataba au jirani aliyesoma.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15.24 na urefu wa mita 30.48. Eneo lake ni mita mraba 464.5, yaani hekta 0.0465. Baadhi ya wauzaji huiita thumuni ya ekari. Ekari ni futi mraba 43,560, na thumuni yake ni futi mraba 5,445, ambazo ni mita mraba 505.9 au hekta 0.0506. Futi 50 mara 100 ni futi mraba 5,000 tu. Tofauti ni futi mraba 445, eneo linalozidi vyumba vinne vya futi 10 kwa 10. Kwa hiyo mkataba wa Kiswahili unaosema thumuni ya ekari pale ambapo wa Kiingereza umetaja futi 50 kwa 100 umemwahidi mnunuzi vyumba vinne visivyokuwapo. Naye mnunuzi aliyeahidiwa thumuni akaona hekta 0.0465 kwenye hatimiliki ana haki ya kuuliza.

Kuna kosa baya zaidi, nalo ni la kuligeuza eneo kwa kizidishi cha urefu. Futi mraba 5,000 mara 0.3048 ni 1,524, na aliyeandika kwamba ploti hiyo ni mita mraba 1,524 ameikuza zaidi ya mara tatu. Eneo lina pande mbili, na kila upande hauna budi kubadilishwa peke yake kabla ya kuzidishwa pamoja. Njia ya salama kwa mfasiri ni kubadilisha 50 na 100 kwanza, na kuviandika vipimo vyote viwili katika mkataba: futi za makubaliano, na mita zilizotokana nazo. Pakitokea mzozo, aliyeandika vyote viwili amemwachia hakimu la kushika.

Vipimo Vilivyogeuka Majina

Ipo aina ya vipimo ambayo haipaswi kuguswa. Wasafiri wa Eldoret wanaijua Maili Nne, wa Nakuru wanaijua Maili Sita, na huko Kibaha nchini Tanzania kuna Maili Moja. Majina haya yalitokana na umbali kutoka mji au alama fulani, lakini sasa ni majina. Hakuna aliyewahi kushuka matatu akiuliza kituo cha Kilomita Sita na Nusu. Nchini Uganda, mgawo wa ardhi kwa maili mraba uliofuata Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliliacha neno mailo kuwa jina la aina ya umiliki wa ardhi, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitambua aina hiyo. Mwenye ploti ndogo ya mailo jijini Kampala hana maili yoyote mraba. Kulibadilisha neno hilo kuwa kilomita kungekuwa kichekesho.

Katika karakana hali ni tata zaidi, kwa kuwa kipimo ni jina na bado ni kipimo. Seremala huagiza mbao ya mbili kwa nne na misumari ya inchi nne, na mwashi huagiza mawe ya tisa kwa tisa. Mbao ya mbili kwa nne ikishapigwa randa haiwi tena inchi mbili kwa inchi nne, wala anayeinunua hatarajii iwe. Katika mazungumzo ya wahusika wa tamthilia au hadithi, basi, mbili kwa nne ibaki hivyo. Katika orodha ya vifaa vya ujenzi mambo hubadilika: mbao hiyohiyo huandikwa kwa milimita, na ukubwa wake wa jina ni 50 kwa 100. Mwanafunzi atagundua kuwa hamsini kwa mia sasa ni mbao ya dari kwa milimita na ni ploti ya nyumba nzima kwa futi, na hakuna chochote katika maneno yenyewe kinachozitenganisha isipokuwa jina la kipimo ambalo wazungumzaji wote wawili wamezoea kulimeza.